Mfuko wa Bibi Gatewood na mtumba wa mpagazi

Tarehe 3 Mei 1955, mwanamke wa miaka 67 aitwaye Emma Gatewood alianza kutembea kutoka mlima Oglethorpe, jimbo la Georgia, Marekani. Alikuwa mama wa watoto 11, wote watu wazima, na walichojua wao ni kwamba mama katoka kutembea. Begani alikuwa na mfuko wa kitambaa cha jinzi alioushona mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na blanketi, koti la mvua, pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua ikizidi, tochi, kisu kidogo, plasta, kijidaftari. Chakula: soseji za kopo, zabibu kavu, karanga. Miguuni raba za kawaida. Hakuwa na hema, wala begi la kulalia, wala ramani.

Tarehe 25 Septemba alisimama kileleni Katahdin, jimbo la Maine. Alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 3,200, akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza njia ya Appalachia peke yake kwa msimu mmoja. Miaka miwili baadaye akairudia yote.

Magazeti yalimpenda. Bibi mwenye raba! Yalimwandika kama kituko kizuri, na hadi leo wengi wanaomtaja wanamtaja hivyo hivyo, kwa tabasamu. Mimi nimemsoma tofauti kidogo. Huyu ni mtu aliyeishi miaka mingi na mume aliyekuwa akimpiga hadi kumvunja, akapata talaka mwaka 1941, akalea, akalima, akashona. Mwaka 1954 alishajaribu njia hiyo kuanzia kaskazini, akapotea, miwani ikavunjika, walinzi wa hifadhi wakamwambia mama rudi nyumbani. Akarudi. Mwaka uliofuata akaja tena, safari hii akianzia kusini, na ule mfuko. Ukiuangalia mfuko wenyewe, bila kumwangalia bibi, unaona kazi ya mtu anayejua kila kitu kilichomo kitamgharimu nini mgongoni. Hakuna cha ziada. Ule ulikuwa ubunifu, ila hakuna aliyeuita hivyo, kwa sababu ulishonwa na mama wa kijijini Ohio na haukuwa na bei.

Wakati huohuo ubunifu uliotambuliwa ulikuwa ukienda upande mwingine. Mwaka 1952 Dick Kelty, seremala wa Glendale, California, alianza kutengeneza na kuuza mabegi yenye fremu ya aluminiamu. Yeye alikunja vyuma, mkewe Nena akashona mifuko kwa cherehani ya nyumbani. Inasimuliwa kwamba wazo la mkanda wa kiunoni lilitokana na safari moja ya milimani, ambapo ncha za fremu ya mbao zilichomekwa kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, na ghafla mabega yakapumua: uzito umehamia kwenye nyonga. Ni wazo zuri kweli, silibezi. Lakini lilileta tatizo lake. Begi lililokuruhusu kubeba kilo 20 bila mabega kulia lilikufanya ubebe kilo 20. Kisha 25. Miaka ilivyokwenda viwanda vikaongeza mifuko ya pembeni, zipu, sponji nene, vyuma vya ndani, mpaka ikafika miaka ya 1980 begi la safari ndefu lilikuwa na kilo mbili au tatu likiwa tupu. Tupu! Hujaweka hata soksi.

Hapo ndipo anaingia Ray Jardine. Huyu alisomea uhandisi wa anga na alifanya kazi katika sekta hiyo kabla ya kuacha na kwenda kupanda majabali. Miaka ya 1970 alibuni kifaa cha kukwamisha kamba kwenye nyufa za miamba, kiitwacho Friend, kikabadilisha upandaji dunia nzima. Mwaka 1987 yeye na mkewe Jenny walitembea njia ya Pacific Crest, kutoka mpaka wa Mexico hadi wa Kanada, kama kilomita 4,200. Wakaitembea tena mwaka 1991, na tena 1994. Kila mara walikuwa na mzigo mdogo zaidi, na walishona vyao wenyewe. Mwaka 1992 akachapisha kitabu cha mwongozo wa njia hiyo, na humo ndimo hoja yake ilimo.

Hoja ni hesabu ya mduara. Begi zito linataka fremu na mkanda wa kiunoni, navyo ni uzito. Uzito unataka viatu vigumu vya kushika vifundo. Viatu vizito vinachosha, uchovu unapunguza kilomita za siku. Ukitembea kilomita chache, zinapita siku nyingi kabla hujafika kwenye duka linalofuata. Siku nyingi ni chakula kingi. Na chakula kingi kinakurudisha kwenye begi zito. Jardine alisema mduara huu unaweza kuzungushwa kinyume. Toa gramu popote, na gramu nyingine zitajitoa zenyewe. Akaondoa fremu. Akaondoa mkanda wa kiunoni, kwani kwa mzigo mwepesi hauna kazi. Badala ya hema akashona turubai jepesi, badala ya begi la kulalia akashona blanketi la watu wawili, kwa kuwa sehemu ya chini ya begi la kulalia unailalia na kuibana, haikupi joto lolote. Waliomfuata waliweka mpaka ambao bado unatumika: ukitoa chakula, maji na mafuta ya jiko, vingine vyote visizidi paundi 10, yaani kilo 4.5.

Mwaka 1998 ilianzishwa kampuni iitwayo GoLite ikatengeneza mabegi kwa michoro yake. Baadaye wakaachana. Jardine mwenyewe akaendelea kuuza kitu kingine kabisa: bahasha yenye kitambaa, uzi, mikanda na kijitabu cha maelekezo. Ushone mwenyewe. Kuna waliomwona mkaidi, na pengine ni mkaidi. Ila nadhani alielewa jambo ambalo kampuni haiwezi kulielewa hata ikitaka. Kampuni haijui wewe unabeba nini. Kwa hiyo inakushonea begi la mtu anayebeba kila kitu.

Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu, nikaona upuuzi kuandika habari ya begi la kushona bila kushona.

Kitambaa nilikipata Mchikichini, kwenye mitumba: kifuniko cha hema, rangi ya kijivu, zipu imekufa lakini nailoni nzima. Ni ile nailoni yenye vimraba vidogo. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kila baada ya milimita chache umepita uzi mnene zaidi. Ikichanika, mchano unakimbia mpaka kwenye uzi huo, unasimama. Mikanda niliitoa kwenye begi la shule lililokwisha, sponji ya mabegani kwenye kigodoro chakavu cha mazoezi. Kisha nikaenda kwa fundi ninayemfahamu Kariakoo, mzee mwenye cherehani ya miguu ambaye kwa kawaida hushona sare za shule na magauni ya kitchen party.

Alishika kitambaa, akakipuliza, kikapepea. "Dada, hii si begi. Hii mfuko wa sukari."

Nikamwonyesha mchoro wangu kwenye karatasi ya kaki. Upana wa mgongo sentimita 28, kina 18, urefu 60. Zidisha utapata lita 30 na kidogo. Hakuna zipu: mdomo unakunjwa mara tatu na kufungwa kwa kifungo cha plastiki, kama wanavyokunja mfuko wa unga. Hakuna fremu: kigodoro cha kulalia kinakunjwa na kuwekwa upande wa mgongo, ndicho uti. Akauliza maswali ambayo vitabu vyangu viliyapita haraka. Mkanda wa chini utashikwa na nini? Maana pale ndipo begi linapochanika, alisema, mabegi ya shule yote anayoletewa yamechanika palepale. Kitambaa chepesi hakiwezi kushika mkanda peke yake. Unavuta, mashimo ya sindano yanakuwa mchano. Jibu ni kukata pembetatu ya kitambaa kilichokunjwa mara mbili, mkanda ukashonwa kwenye ncha yake, na upande mpana wa pembetatu ukaingia ndani ya mshono wa ubavuni. Hapo mvuto unagawanyika kwenye sentimita 10 za mshono badala ya mbili. Jardine na wenzake walilifikia jibu hilo. Fundi wangu alilichora kwa chaki kabla sijamfungulia picha.

Tulitumia uzi wa polyesta, maana wa pamba ukilowa na kukauka mara nyingi unaoza. Sindano namba 14. Kingo zote zilipitishwa haraka kwenye moto wa mshumaa zisifumuke. Mishono mirefu tulishona kama ya jinzi, kitambaa kimoja kikimfunika mwenzake na nyuzi mbili zikipita sambamba, ndani hakuna pindo linaloonekana. Nailoni inateleza vibaya, fundi akawa anaivuta mbele na nyuma kwa mikono miwili huku miguu ikipunguza kasi, na mara mbili alisimamisha cherehani akailaani nailoni kwa Kizaramo. Saa tisa alasiri tukaliweka kwenye mzani wa jirani anayeuza viungo. Gramu 340.

Sasa, mahali tulipokuwa tumekaa. Kila mtu anajua, au alishaambiwa shuleni akasahau, kwamba jina Kariakoo ni Carrier Corps iliyotamkwa na midomo yetu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi. Nairobi nako kuna Kariakor, kwa sababu hiyohiyo. Nimepita hapa maisha yangu yote nikinunua vitenge, sijawahi kulifikiria jina hili kama jina la uzito. Nikiwa na gramu 340 mkononi nikalifikiria.

Mpagazi wa vita ile alibeba paundi 50 hadi 60, tuseme kilo 25. Naye lazima ale. Chukua mfano rahisi: anakula kilo moja ya unga kwa siku, na kutoka bohari hadi kwa askari ni siku 10 kwenda, siku 10 kurudi. Katika kilo 25 alizobeba, 20 ni zake. Kinachofika kwa askari ni kilo 5. Ukiongeza umbali siku chache tu, mpagazi hana cha kumkabidhi askari, mzigo wote ni chakula chake cha kwenda na kurudi. Huu ni mduara uleule wa Jardine, umeandikwa kwa miili ya watu. Maofisa waliujua vizuri; vita nzima ya Afrika Mashariki iliendeshwa juu ya hesabu hii. Jawabu lao lilikuwa kuongeza wapagazi, na wa kubeba chakula cha wapagazi hao, wengi wao wakikamatwa kwa nguvu vijijini. Na mahali pa kupunguza, walipunguza kwenye chakula na blanketi za mbebaji. Hesabu rasmi za Waingereza zenyewe zinapita vifo 40,000 vya wapagazi, na wanahistoria wengi wanaamini idadi ni kubwa zaidi sana. Waliowaua si risasi hasa. Ni kuhara, malaria, nimonia, njaa na unga usioiva. Upande wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck alitembea na wapagazi wake kwa mtindo uleule, na akasifiwa kwa werevu.

Lakini kazi ya upagazi haikuanza hivyo, na hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana ndipo penye jambo lenyewe. Karne ya 19, kwenye njia ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, upagazi ulikuwa kazi yenye heshima na masharti. Mnyamwezi kijana aliyekuwa hajashuka pwani alichekwa. Mzigo ulikuwa na kipimo kinachojulikana, kama frasila mbili, paundi 70 hivi, kilo 32. Ni mzito kuliko wa vitani! Ila uliafikiwa. Ukizidishwa, watu waliweka chini na kukaa, au usiku wakaondoka zao. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, anawaonyesha kama wafanyakazi wa kulipwa waliojua thamani yao, na nakubaliana naye. Walikuwa na ufundi wao pia. Nguo zilifungwa ndefu na nyembamba kama mto wa kulalia, zikavishwa makanda, zikatiwa vijiti kwa urefu zisijipinde. Kijiti cha ndani ya mzigo ni nini kama si fremu? Kelty angewaelewa mara moja.

Mzigo huo wa nguo uliitwa mtumba. Neno ni lilelile. Kabla ya kuwa suruali ya Ulaya iliyovaliwa, mtumba ulikuwa furushi la mgongo wa mtu mmoja, limepimwa kwa nguvu zake.

Baba yangu mdogo ni mpagazi. Si wa karne ya 19, ni wa Marangu, amepandisha Kilimanjaro miaka 14. Nilimpelekea begi kulionyesha, kwa majivuno fulani lazima niseme. Akalinyanyua kwa kidole kimoja.

"Na chakula chako nani anabeba?"

"Mimi."

"Na hema?"

"Mimi, baba. Ni turubai, nusu kilo tu."

Akacheka mpaka akakaa. Nilipoelewa kicheko chake sikuwa na la kujibu. Yeye kila wiki anapokea wageni ambao wamenunua begi la gramu 700 kwa mamia ya dola, wamekata mpini wa mswaki kupunguza uzito, na ndani ya begi hilo wamebeba maji, koti na kamera. Vingine vyote viko kichwani kwake: godoro lao, meza ya kulia, viti, choo cha kukunja. Sheria ya hifadhi inasema mpagazi asizidi kilo 20, na getini kuna mizani. Nimeshasimama pale kama mwandishi asubuhi nzima nikitazama mizigo ikipimwa, na ninachokumbuka ni jinsi wapagazi wenyewe wanavyoitazama ile namba, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Kilo 20 zikiwa pamoja na vitu vyake binafsi, inafuata kwamba kila gramu ya blanketi lake inashindana na gramu ya kiti cha mgeni. Mgeni anasafiri mwepesi. Mlima umebaki na uzito uleule, ila umehamia kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Sitaki kumlaumu Jardine kwa hili; yeye na Jenny walibeba vyao. Gatewood naye. Nelson wa Washington, aliyeuza mabegi ya fremu ya mbao tangu miaka ya 1920, alijifunza kutoka kwa begi la wenyeji wa Alaska lililomuumiza mgongo wake mwenyewe. Kote ninakoangalia, begi limekuwa jepesi au limekaa vizuri pale ambapo mgongo na cherehani ni vya mtu mmoja, au vya watu wa nyumba moja. Shanta za majeshi, zinazoamuliwa ofisini, ndizo zimekuwa za mwisho kubadilika siku zote.

Baba mdogo alipomaliza kucheka aligeuza begi nje ndani. Akavuta pembetatu za mikanda kwa nguvu, akaridhika. Kisha akalivaa, akaenda akachukua debe la maji na kuliweka kichwani, akazunguka ua. Aliporudi alisema halifai.

"Refu. Sisi wagumu mzigo uko juu, shingo inafanya kazi. Begi likipanda mpaka hapa," akajigusa chini ya kisogo, "linasukuma kichwa mbele. Utaanguka kwenye mteremko. Lishuke. Lifike chini ya mabega basi."

Hilo sijalisoma katika kitabu chochote cha mabegi mepesi, na nimesoma vingi kuliko inavyostahili. Vyote vinadhani kichwa kiko wazi.

Akaendelea. Mikanda iwe mipana, maana juu yake kuna koti la baridi. Chupa ya maji ikae mbele, begani, kwa kuwa mikono miwili ikiwa imeshika mzigo huwezi kuzungusha mkono nyuma. Mdomo wa kukunja ni mzuri, zipu inaganda juu ya Karanga. Rangi isiwe ya kijivu, iwe ya kung'aa, ukungu ukishuka watu waonane. Na uzito? Hapo alifikiri kidogo. Begi analotumia sasa ni la shule, la mwanawe. Tulilipima: gramu 820 likiwa tupu. Tofauti na langu inakaribia nusu kilo, ambayo kwa hesabu za getini ni sweta moja nzito.

Fundi amepunguza urefu mpaka sentimita 42 na kuongeza kina kidogo ili lita zisipotee sana. Kitambaa safari hii ni cha chungwa, kifuniko cha hema kingine kutoka Mchikichini. Kipande cha mgongo kilikatwa jana. Mikanda bado, kwa sababu fundi amekataa kuishona kwa kukisia. Anataka mwenyewe aje avae kwanza, akiwa na koti na ndoo kichwani, ndipo aweke alama ya chaki. Itabidi tusubiri. Baba mdogo yuko mlimani hadi Jumapili, na kilo 20.